Kulinda Nyuki wa Mincho

16 Juni

Tumefika. Velichka ameshuka garini, akavua viatu, akasema harufu ni ileile ya utotoni. Mimi nimebaki ndani kidogo, nikaligeuza gari lielekeze pua njiani, ili tukilazimika kuondoka mbio tusianze kuhangaika kurudi kinyumenyume kati ya miti. Kila mtu na namna yake ya kuusalimu mlima.

Nyuki ni wa marehemu shemeji yangu Mincho, kaka yake Velichka, aliyetutoka wakati wa theluji. Kila kiangazi aliipandisha mizinga yake huku juu, akapiga hema, akaishi nayo mpaka maua yaishe, kwa maana mizinga ikiachwa peke yake mlimani haidumu: ikinusurika kwa dubu, itabebwa na watu. Watoto wake wako Ujerumani na nyuki hawawataki. Velichka akaambiwa auze. Akajibu kwamba atauza akishaonja asali ya mwaka mmoja. Nami niliyestaafu ukuu wa stesheni, niliyelala miaka yangu yote chini ya vigae, nimekuja kwa sababu mke wangu amekuja.

17 Juni

Kutwa nzima kazi. Hema tumelipiga kwenye tambarare karibu na chemchemi. Jiko nimeliweka mbali na hema, chakula nimekifunga kwenye gunia na kukining'iniza mtini, juu ambako hata mimi nakifikia kwa kamba tu. Mizinga nimeizungushia waya wa umeme wa betri, swichi nimeificha nyuma ya kisiki. Kisha nikafunga uzi na makopo matupu kuzunguka kambi, mtu akipita yalie.

Velichka alikuwa akinitazama huku akimenya viazi.

"Unamtega nani, Dobri?"

"Yeyote."

"Na huyo yeyote akija na njaa?"

Nilimpa filimbi aivae shingoni. Akaitia mfuko wa aproni, pamoja na kisu cha viazi na kitunguu.

20 Juni

Mvua. Hema halivuji. Tumecheza karata, amenishinda.

22 Juni

Leo makopo yalilia kwa mara ya kwanza. Nilitoka na kichupa mfukoni, dawa ya pilipili ya kumpulizia adui machoni, kidole tayari kwenye kifuniko. Alikuwa mwanamume wa makamo yetu, mrefu, shoka begani, mbwa wawili nyuma yake wakubwa kama ndama. Hakukanyaga uzi kwa bahati mbaya. Alikuwa ameupiga kwa ncha ya kiatu, kama mtu anavyobisha hodi. Alisema jina lake Salih, anachunga kondoo upande wa pili wa mgongo wa mlima. Baada ya hapo hakusema kitu. Aliitazama mizinga, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu.

Velichka alimpakulia supu ya maharage. Akala amesimama, akashukuru, akasema, "Mincho hema lake alilipiga juu zaidi," akaondoka.

Nilimwambia Velichka simpendi mtu anayekodolea mali ya watu bila kusema neno.

"Hakuwa akiangalia mizinga," akasema. "Alikuwa akimtafuta Mincho."

25 Juni

Niandike tu, kwa kuwa na yeye ataendelea kulisimulia mpaka nife. Asubuhi niliamua kuijaribu dawa ya pilipili, nijue inafika umbali gani. Upepo sikuuangalia. Velichka aliniongoza mpaka chemchemi kwa mkono kama kipofu wa sokoni, akaniosha macho kwa maji, kisha kwa maziwa, na hakucheka mpaka alipohakikisha naona. Hapo alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni aliniambia nisikitupe kile kichupa. Kinafanya kazi vizuri.

1 Julai

Raspiberi, vile vitunda vyekundu vya vichaka vya miiba, zimeiva. Nyuki wanaingia wazito.

4 Julai

Tulikwenda wote wawili kuchota maji na kufua. Tuliporudi, hema lilikuwa limepasuliwa ubavu mzima, toka juu hadi chini, godoro liko nje, na shati langu la Jumapili limetafunwa kola. Nyayo za dubu zilikuwa pana kuliko kofia yangu.

Mwanzo nilidai ni chakula chake Velichka. Yeye akainama, akaokota kipande cha karatasi ya nyama ya kukaushwa. Ile nyama ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeificha chini ya mto kwa sababu gunia la mtini lilikuwa linanichosha mikono kila nikitaka kionjo.

Salih alikuja kabla hatujamaliza kukusanya vitu; mbwa wake walikuwa wamenusa. Hakutaja nyama wala hakutaka kujua ya nani. Alisema chemchemi ile ni kisima cha dubu tangu babu yake hajazaliwa, na sisi tumepiga hema mlangoni kwake. Tukahamia juu, pale alipokuwa akikaa Mincho. Kuna mwamba unaokinga mgongo, upepo unapita wazi, na ukikaa unaona mizinga yote na njia mpaka kwenye kona. Salih alishona hema kwa sindano ya magunia. Ananiita Bwana Stesheni. Sijui nani kamwambia. Yaani najua.

9 Julai

Hatije, mke wa Salih, ametuletea bakuli la mtindi. Velichka amelirudisha limejaa plamu. Tangu asubuhi bakuli hilo linapanda na kushuka mlima.

13 Julai

Mgeni. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mkoba mgongoni, viatu vizuri vya kupandia milima, jina lake Yavor. Alisimama mbali akapaza sauti kuomba ruhusa ya kukaribia. Hilo peke yake lilinifurahisha. Anavuka milima kwa miguu, anasema, kupumzisha kichwa baada ya mitihani. Akaomba kupiga hema lake karibu na letu siku mbili.

Ni kijana mwenye adabu, na anauliza vizuri. Salih hupita kando ya mitambo yangu kama anapita kando ya kinyesi cha ng'ombe, lakini huyu alichuchumaa. Nilimwonyesha jinsi uzi unavyofungwa, jinsi waya unavyopata umeme, betri inadumu kiasi gani, swichi iko wapi. Alisema ningewahi kuwa jeshini ningefika mbali. Nilijua ananipamba, nikaendelea kumwonyesha.

15 Julai

Yavor ameondoka asubuhi. Nilimpa mtungi mdogo wa asali ya mwaka jana. Velichka alimpa mkate, lakini sikumsikia akimwambia karibu tena, neno ambalo huwaambia hata nyigu.

"Kakukosea nini?" nikamuuliza.

"Hajanikosea. Mtu akija hapa ama anawaogopa nyuki au anawapenda. Huyu alikuwa akiwaangalia kama makabati."

Nilimwambia yeye huyu huyu kamlisha mchungaji asiyemjua, na leo kijana msomi ndiye anamtilia shaka. Akasema kulisha ni kulisha, na kuamini ni jambo jingine, hajawahi kuvichanganya.

Tumeoana miaka mingi na ndiyo kwanza nasikia.

21 Julai

Joto. Nimemkuta amekaa nyuma ya mzinga mkubwa wa bluu, ule ambao Mincho aliuunda kwa mikono yake mwenyewe na kuupaka rangi iliyobaki ya mlango wa nyumba yao. Bomba la moshi wa kuwatulizia nyuki lilikuwa limezimika miguuni pake. Macho mekundu. Akasema ni moshi. Nikasema moshi wa msonobari ni mkali kweli. Nikakaa naye. Nyuki wa mzinga ule hawana subira nami hata kidogo, wamenidunga sikio, lakini sikuondoka.

28 Julai

Hakuna jipya. Salih amepita, amekula, amesema maneno matano. Anazidi kuchangamka.

2 Agosti

Masega yamejaa. Mizinga hainyanyuliki.

7 Agosti

Kesho nateremka kijijini kuchukua mitungi ya asali. Nilitaka twende wote. Amekataa, anataka kuanza kufungua mizinga kukiwa bado na ubaridi. Nimemsihi basi avae filimbi shingoni. Ameivaa, akanibusu kipara, akasema niende nirudi na mkate laini.

8 Agosti

Siandiki leo. Yu hai.

10 Agosti

Yupo kando yangu amelala, ninaweza kuandika sasa.

Niliondoka baada ya chai. Dukani nilikawia kwa sababu mitungi ilikuwa bado haijatolewa kwenye maboksi, nikanunua na mkate. Nilirudi jua halijafika utosini. Niliposhuka garini nilisikia kwanza nyuki. Siyo ile sauti yao ya kazini. Ilikuwa sauti kama maji yanayochemka kwenye sufuria kubwa, na hewa yote juu ya mizinga ilikuwa nyeusi. Safu ya mbele ilikuwa na mapengo. Mizinga miwili ilikuwa imesimama peke yake katikati ya nyasi, kama mizigo iliyosahaulika, na kando yake alama za magurudumu. Mzinga wa bluu ulikuwa umelala chini, umefunguka, masega nje.

Waya haukuwa umekatwa. Nilikwenda nyuma ya kisiki. Swichi ilikuwa imezimwa, kwa ustaarabu, na mtu aliyejua ilipo.

Nilimwita Velichka. Hemani hakuna mtu. Niliita tena, nikapiga filimbi yangu na kusikiliza, nikapiga tena. Nikaona leso yake kwenye mti wa miiba, chini upande wa bonde. Nimekaa stesheni maisha yangu yote nikingoja treni zilizochelewa, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu watulie. Siku ile nilikuwa nikisema jina lake moja tu, na miguu ilikuwa inakwenda bila kuniuliza.

Leso ilikuwa penye njia ya kwa Salih, ambayo sikuwahi kuipita. Yalikuwa mabakuli ya Velichka ndiyo yaliyoijua. Niliifuata hivyo hivyo, nikianguka. Hatije alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba ananingoja.

"Yuko zahanati," akasema. "Salih kamchukua kwa trekta."

"Yu hai?"

"Alikuwa akitukana wakati wanaondoka. Kaa kwanza unywe maji, usije ukatufia na wewe."

Sikukaa. Alinisindikiza kurudi mpaka kwenye gari, mama wa watu, akanishika mkono penye mteremko, na njia nzima akanieleza alichokiona: Velichka alitokea kwenye vichaka ameufunika uso kwa aproni, akisema ulimi unamjaa kinywani.

Yaliyotokea amenisimulia mwenyewe jana, polepole, kwa kuwa midomo ilikuwa bado minene.

Walikuja wawili, gari lao jeupe likirudi kinyumenyume hadi penye mizinga. Yavor aliteremka, akamwambia, "Habari za asubuhi, mama," kama vile amekuja kunywa chai. Mwenzake alikuwa mtu mpana, wa makamo, asiyesalimia. Huyo akamwambia aingie hemani akae, halitampata neno. Wote wawili walikuwa wamevaa mavazi ya nyuki lakini kofia za wavu wamezishika mkononi, kwa kuwa joto lilikuwa limeanza na nyuki wametulia.

Velichka alikaa. Kwenye hilo alikuwa na akili zake zote. Nyuki si roho, alijiambia. Mincho mwenyewe asingetaka mtu afe kwa ajili ya masanduku. Aliwaacha wabebe. Alikuwa anatazama viatu vyao tu, akijaribu kuvikumbuka.

Halafu yule mpana akasimama, akajifuta jasho, akamuuliza Yavor, "Na huyu bibi je? Katuona sura."

Velichka aligeuka kumtazama Yavor, kijana aliyekula kwake, aone atajibu nini. Yavor aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Hapo ndipo nilipojua sina mtu pale," aliniambia.

Akasimama. Akawaambia wanaonekana wana kiu, anakwenda kuwachotea maji, na kwa mazoea wakamwacha apite, kwa sababu mwanamke mzee akisema analeta maji hakuna anayemshuku. Alipita kando ya mzinga wa bluu, ule uliojaa kuliko yote na wenye nyuki wakali kuliko wote, akaufungua kifuniko, akausukuma kwa nyonga na mikono yote miwili mpaka ukaanguka. Hata yeye hakuwa amevaa wavu.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga filimbi.

"Nipige, anisikie nani? Wewe ulikuwa unanunua mkate." Kisha akaona uso wangu, akanishika mkono. "Niliipiga baadaye, vichakani. Mbwa wa Salih ndio walionijia kwanza."

Vichaka vile vya raspiberi ni vizito, nyuki hupotea humo. Alijua, aliingia humo makusudi, leso ikabaki mitini, akaufunika uso kwa aproni. Hata hivyo alidungwa usoni, shingoni, mikononi, kuliko anavyoweza kuhesabu mtu. Walipofika zahanati pumzi ilikuwa ikipiga mluzi. Wakamchoma sindano, na kwa kuwa kitanda kilikuwa na mtu, wakamlaza kwenye benchi la ukumbini. Salih akaenda kunitafuta dukani, muuguzi akamwambia Velichka asiondoke mpaka waone hali.

Bonde zima lina zahanati moja. Hajakaa sana, gari likasimama nje, mlango ukabamizwa, gari likaondoka. Mtu akaingia akipapasa ukuta. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho hayaonekani, mistari miwili tu, na mikono kama maandazi. Wakamchoma sindano naye, wakamkalisha kwenye benchi lilelile, ubavuni mwa mke wangu.

Alitambua viatu. Vile vizuri vya kupandia milima.

"Kuna mtu hapa?" yule kijana akauliza.

"Yupo," Velichka akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kwa uvimbe. Hata mimi nisingeijua.

"Mama, na wewe ni nyuki?"

"Ndiyo, mwanangu. Nyuki."

Kisha akauliza kama mtu anaweza kupofuka. Velichka akamwambia hatapofuka, uvimbe utashuka, asijikune tu. Akainuka, akaenda kwa muuguzi, akamwomba kwa sauti ya chini awapigie polisi, awaeleze ni nani yuko kwenye benchi na mwenzake kaenda na gari la namna gani. Baada ya hapo alichovya kitambaa kwenye maji baridi, akarudi akakaa palepale, akamwekea machoni. Akakishikilia.

"Kwa nini?" nilimuuliza jana. Nakiri nilikuwa na hasira. "Mtu aliyekuacha mikononi mwa yule!"

"Alikuwa anaogopa," akasema. Akafikiri. "Na nilitaka asiondoke."

Alikaa naye hivyo mpaka askari wakaingia. Yavor alisikia jinsi wanavyomuuliza Velichka jina lake na mahali ilipo kambi. Akageuza ule uso wake upande wa Velichka.

"Mama. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakukisukuma kitambaa. Mimi niliingia mlangoni wakati huo huo, nikiwa na matope mpaka magotini, nikawaona wamekaa wawili kwenye benchi, wamevimba sawasawa kama mapacha, na nikiri tena: kwa nukta moja sikujua yupi wangu. Kisha mmoja akanikazia jicho moja lililobaki wazi.

"Mkate umeleta?" akasema.

12 Agosti

Mwenzake Yavor amekamatwa. Gari lilikutwa kando ya mto, milango wazi, mizinga imo ndani, nyuki wanaingia na kutoka kama wako kwao. Salih ameirudisha kwa trekta.

Nilimwambia Velichka ni mimi niliyemwonyesha swichi.

"Najua. Na mimi nilimpa supu mara mbili. Tumegawana."

18 Agosti

Tumelina asali siku tatu mfululizo, Salih na Hatije pamoja nasi. Salih anashika masega mikono mitupu. Niliwahi kuandika humu kwamba simpendi. Nilimuuliza leo, kwa nini siku ile ya kwanza aliitazama mizinga muda mrefu vile bila kusema. Akaniambia alikuwa akijizuia kulia mbele ya mtu wa mjini mwenye mkono mfukoni. Alikuwa amefikiri nina bastola.

"Ilikuwa pilipili," nikasema.

"Hatije kaniambia," akasema. "Kijiji kizima kinajua, Bwana Stesheni."

26 Agosti

Uvimbe umekwisha wote. Usiku anashtuka. Namshika mkono, analala tena. Mchana hatulizungumzi.

2 Septemba

Nyuki wa mzinga wa bluu hawakupata nafuu. Malkia alipotea siku ile, na waliobaki walikuwa wachache, wakizurura. Velichka amewaunganisha na kundi jingine: ametandaza karatasi ya gazeti kati ya makundi mawili, ili watakapoitoboa wawe wameshazoeana harufu. Amelisafisha sanduku la bluu, akaliacha juani wazi. Nilidhani atalia. Akasema Mincho alikuwa na mkono mbaya sana wa kupaka rangi.

Kuuza hajakutaja tena. Nami sikumkumbusha.

12 Septemba

Tunafunga kambi kesho. Kutwa kulikuwa na ukungu.

Mchana alikuja mwanamke peke yake kwa miguu, viatu vya mjini vimeloa, kitu amekifunga kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mwembamba, wa umri wa binti yetu wa kwanza au kuzidi kidogo. Alisimama penye uzi wa makopo, hakuuvuka. Akasema jina lake Donka. Akasema yeye ni mama yake Yavor.

Mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Velichka aliinua uzi, akampitisha chini yake, akamkalisha karibu na moto, akamvua viatu na kuviweka vikauke. Kwenye kitambaa mlikuwa na banitsa, mkate wa jibini wa tabaka tabaka, aliouoka alfajiri na kuusafirisha kwa basi akiupakata. Velichka akaukata, tukala sote watatu. Akausifu, na haukuwa uongo.

Donka alizungumza akiangalia moto. Alimlea peke yake. Mtihani kijana alishindwa mwaka jana, akaona aibu kumwambia, akaangukia watu wabaya. Yule mwingine ndiye mwenye kosa. Wakili kamwambia, kama mama mwenye nyuki akiondoa mashtaka yake, kijana atapunguziwa sana, pengine atarudi nyumbani. Hakuomba moja kwa moja. Alisema hivyo, kisha akaanza kukunja kile kitambaa cheupe, mara mbili, mara nne, mpaka hakikunjiki tena.

Nilimtazama mke wangu, mtu asiyejua kumnyima mtu kitu, nikajua atasema ndiyo. Nikaanza tayari kumeza hasira zangu.

"Mwanangu," Velichka akasema, "mtoto wako alipoogopa, nilikaa naye. Wakimfunga, nitakwenda kumwona, na sitakwenda mikono mitupu. Hilo nakuahidi, na huyu mzee ni shahidi. Lakini kuondoa, siondoi."

"Hakukugusa, mama."

"Hakunigusa. Yule mwenzake aliuliza wanifanye nini, na yeye akafunga kamba ya kiatu." Nilipoiona midomo yake nikajua kwamba mwezi mzima huu sikuwa nimesikia lolote. "Nilikuwa peke yangu, Donka. Niliogopa mno. Nilidhani nakufa hapa, mume wangu arudi na mkate anikute. Nikisema halikuwa kitu, nitakuwa namwambia na yeye kwamba halikuwa kitu."

Donka alilia bila sauti. Velichka akasogea, akaweka mkono mgongoni pake, akauacha hapo. Lakini neno lake hakulibadilisha.

Basi la mwisho hupita barabarani jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka, na njia ile kwenye ukungu haipitiki kwa mtu mgeni. Velichka akaniambia nimsindikize. Akamvalisha soksi zake za sufi.

Tulipoingia msituni nilimweleza kwamba hapa hatutembei kimya: dubu hana ubaya na mtu, hapendi kushtukizwa tu, kwa hiyo ni lazima tuseme, tena kwa sauti, atusikie tukija atupishe njia. Akaniuliza aseme nini. Nikamwambia chochote. Alijaribu kuimba, sauti ikamkatika. Mimi nikataja majina ya stesheni zote kutoka mjini kwetu hadi mpakani, mpaka zikaisha.

Ndipo akaanza kumzungumzia mtoto wake. Kwa sauti kubwa, katikati ya misonobari, kama mtu anayemwita aliye mbali. Alivyokuwa akiogopa radi na kujificha ndani ya kikapu cha nguo. Alivyomfuga kunguru aliyevunjika bawa. Alivyokataa kula wiki nzima baba yake alipoondoka. Alivyojifunza kusoma kwa kusoma vibao vya maduka, akimvuta mkono asimame kila mlango. Donka alipopungukiwa pumzi njiani, nilimuuliza kitu, nikapaza sauti nami: ikawaje kwa yule kunguru? Naye akanijibu kwa kelele kwamba alipona, akaruka, akawa anarudi dirishani kila asubuhi.

Dubu hatukumwona. Barabarani alikuwa amekaukiwa sauti kabisa. Basi likaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda.

Niliporudi Velichka alikuwa akiifunga mizinga kamba za safari. Aliniuliza yule mwanamke amesema nini njiani. Nikaweka taa chini, nikashika ncha ya pili ya kamba, nikamsimulia yote, hata habari za yule kunguru.